Kilo 15 Zilizopotelea Kwenye Nukta

Niliwahi kumwita mzee wa watu mwizi kwa sababu ya nukta. Neno lenyewe sikulitamka, lakini nilinyoosha kidole, na kwa watu wazima kidole kinatosha.

Ilikuwa katikati ya msimu wa korosho, wilayani Tandahimba, kwenye ghala dogo la chama cha msingi cha wakulima ambacho sitakitaja. Nilikuwa karani wa mizani, kazi ya msimu tu. Wanaojua mambo ya kwetu wanajua utaratibu: tangu stakabadhi ghalani ilipoanza Mtwara mwaka 2007, mkulima analeta korosho zake chamani, zinapimwa, anaandikiwa, kisha zinapelekwa ghala kuu kusubiri mnada. Kabla ya kupakiwa kwenye lori zinajazwa kwenye magunia ya kilo 80 na kushonwa mdomo. Zile zisizotimiza gunia zinaachwa juu ya turubai hadi za kesho zije kuungana nazo.

Jioni hiyo jumla ya siku ilikuwa kilo 2,620. Nikatoa simu, nikagawa kwa 80, kioo kikaniambia 32.75. Nikaandika kwenye kadi: magunia 32, kilo 75. Nikaenda zangu kula.

Asubuhi karani mkuu akapima zilizo kwenye turubai. Kilo 60. Akazitoa, akazirudisha kwenye mizani. 60 ileile.

"Kilo 15 ziko wapi?"

Korosho hupungua uzito zinapoendelea kukauka, wenyewe tunaita unyaufu. Lakini unyaufu wa kilo 15 kwenye rundo dogo namna ile, tena kwa usiku mmoja, haujawahi kuonekana. Aliyelala ghalani usiku ule alikuwa mshona magunia, mzee wa makamo ya baba yangu, ambaye kijiji chake kilikuwa mbali na hivyo alitandika mkeka pale pale karibu na mlango. Karani mkuu aliniuliza nani alikuwa na ufunguo. Mimi nikamnyooshea kidole.

Mzee hakukasirika, au hakuonyesha. Aliweka sindano yake chini, akaniuliza simu iliandika nini hasa. Nikamwambia, thelathini na mbili nukta sabini na tano.

"Hiyo sabini na tano ni ya nini?"

"Kilo, mzee."

"Kilo za gunia lipi? Gunia lako la kilo mia?"

Nikanyamaza. Akaendelea, taratibu kama anaongea na mtoto: "Nukta sabini na tano ni robo tatu. Robo ya themanini ni ishirini. Ishirini mara tatu sitini. Korosho zako hizo hapo, kijana."

Aliishia darasa la nne, aliniambia baadaye. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne. Kweli, kwenye Hisabati kilikuwa na F, lakini cheti ni cheti, na nilikuwa nimekivaa kichwani kama kofia.

Nimelifikiria sana kosa lile, kwa sababu baadaye nililiona kwa watu wengi wanaojiandaa na mitihani, wakubwa kwa wadogo. Kikokotoo hakijui baki. Ukikiambia 2,620 gawa kwa 80, kinagawa mpaka mwisho. Hata zile korosho za juu ya turubai kinazigawa na kukupa kipande cha gunia. Yale 0.75 ni sehemu ya gunia, na kilo hazimo humo. Ukitaka kilo lazima uzirudishe kwenye gunia: 0.75 mara 80 ni 60. Gunia lingekuwa la kilo 100 ningekuwa sahihi kwa bahati, na pengine ningeendelea kukosea maisha yangu yote bila kukamatwa. Njia nyingine, ambayo sasa ndiyo ninayoipenda, ni kuachana kabisa na nukta: 32 mara 80 ni 2,560, toa kwenye 2,620, zinabaki 60. Mstari mmoja wa kalamu.

Niliomba radhi siku ile mbele ya karani mkuu. Niliomba tena peke yangu siku ya kufunga msimu, na ndipo nikamwambia mzee kwamba nimeamua kurudia Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akacheka. Akasema, "Basi mtihani wenu uko Novemba, korosho zikiwa zimepamba moto. Utachagua." Kumbe alikuwa anajua ratiba kuliko mimi.

Nilirudi nyumbani Mikindani Januari. Dada yangu anauza matunda barazani, na binti yake, mpwa wangu, ndiyo kwanza alikuwa anaingia darasa la saba. Kwetu mjomba ana kauli kwa watoto wa dada yake, kwa hiyo dada aliponiambia "msimamie huyu" halikuwa ombi. Mwenye mtihani wa Septemba na mwenye mtihani wa Novemba wakakaa meza moja, taa moja. Nilidhani mimi ndiye nitakayefundisha.

Wiki ya kwanza nikamtungia swali. Wanafunzi 100 wanataka kuvuka kwenda Msangamkuu, boti moja inabeba watu 12. Nikauliza mambo matatu: boti ngapi zitajaa kabisa, boti ngapi zitahitajika ili wote wavuke, na boti ya mwisho itakuwa na wanafunzi wangapi. Mpwa wangu aliandika mara tatu: 8 baki 4. Vizuri kabisa, na kwa maswali yote matatu halikuwa jibu.

"Lakini Mjomba, hesabu si ni hiyohiyo?"

Hesabu ni hiyohiyo. Kinachobadilika ni kile unachoifanyia baki. Swali la kwanza linaitupa, jibu ni 8. La pili linaipandisha, kwa sababu watoto wanne huwezi kuwaacha ng'ambo wakilia, jibu ni 9. La tatu halijali kitu kingine ila baki yenyewe, jibu ni 4. Mitihani ya kuchagua herufi inajua hili vizuri mno: 8, 9, 4 na hata 8.3 zote utazikuta zimekaa pale zinakusubiri, na kila moja ina mtu wake. Nilimwambia kabla ya kugawa asome swali mpaka neno la mwisho, apige mstari chini ya kile kinachoulizwa, kisha ajiulize: baki naitupa, naipandisha, au ndiyo naitafuta? Akaandika herufi tatu juu ya ukurasa, T, P, N. Alizitumia mpaka Septemba. Mimi naona hizo herufi tatu zilimsaidia kuliko mitihani yote ya miaka ya nyuma tuliyonunua kwa mwenye mashine ya fotokopi mjini.

Kwa upande wangu, tatizo lilikuwa mkono. Kwenye karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne kikokotoo hakiruhusiwi, na mimi nilikuwa nimegawia kwenye simu miaka yote. Nikaanza upya na kugawanya kwa njia ndefu, kijana wa miaka 26 aliyeota ndevu. Nilikuwa najitungia maswali ya ghalani. Kilo 8,240 kwa magunia ya 80. Nikafuta sifuri huku na huku, zikabaki 824 kwa 8. Nane kwenye nane mara moja. Nikashusha 2, nane haiingii. Nikashusha 4, nane kwenye ishirini na nne mara tatu. Nikaandika 13.

Mpwa wangu akachungulia. "Mjomba, lori zima magunia 13?"

Nilikuwa nimeruka sifuri. Nane isipoingia kwenye mbili, ile nafasi haiachwi wazi. Inaandikwa 0 juu, ndipo tarakimu inayofuata ishushwe. Jibu ni 103. Sifuri iliyorukwa inakula magunia 90 na hakuna mlinzi atakayeiona. Tangu hapo tukawekeana sharti: hakuna kugeuza ukurasa kabla ya kurudi nyuma kwa kuzidisha. Namba inayogawa mara jibu, jumlisha baki, lazima upate ulichoanza nacho. 80 mara 13 ni 1,040, haifanani hata kwa mbali na 8,240. Na baki ikilingana na namba inayogawa au kuizidi, ujue hujamaliza kugawa; kuna gunia zima umeliacha sakafuni.

Nilikuwa sijaelewa zamani kwamba huo uhakiki ndio ufunguo wa maswali yale magumu, yanayokuja kinyumenyume. "Namba fulani ikigawanywa kwa 9 jibu ni 14 na baki 5. Tafuta namba hiyo." Shuleni nilikuwa naliona swali hilo kama kitendawili. Ni uhakiki tu uliogeuzwa: 9 mara 14 ni 126, jumlisha 5, 131.

Halafu yakaja ya masharti mawili. Hapa nataka nikae kidogo, maana hapa ndipo nilipodharauliwa na mtoto wa miaka 13.

Swali lilisema: tafuta namba ndogo kabisa ambayo ikigawanywa kwa 5 inabaki 2, na ikigawanywa kwa 7 inabaki 3. Mimi, msomi, nikaanza kuandika herufi. Namba ni tano mara kitu fulani jumlisha mbili, pia ni saba mara kitu kingine jumlisha tatu, kwa hiyo... Nikajaza nusu ukurasa, nina milinganyo miwili yenye vitu visivyojulikana vitatu, na jasho.

Yeye aliandika mstari mmoja: 3, 10, 17. Akaweka duara kwenye 17.

Nikamwambia anielezee. Alianza na zile zinazobaki 3 kwa saba, kwa sababu saba inaruka mbali na orodha inakuwa fupi. 3 kwa tano inabaki 3, hapana. 10 inabaki 0, hapana. 17 inabaki 2, ndiyo. Basi. Nikamuuliza, na inayofuata? Akataka kuendelea 24, 31... Hapo nikapata pa kujikosha. Nikamwonyesha kwamba ukishapata ya kwanza huhitaji tena kutambaa. Unaruka kwa 35, ambayo ni KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote bila baki) ya 5 na 7, kwa sababu kuongeza 35 hakugusi baki ya upande wowote. 17, 52, 87. Aliipenda hiyo. Akaanza kunirushia: "Ya kumi, Mjomba?" 17 jumlisha 35 mara 9, ni 332. Tulicheza hivyo mpaka dada akatuzimia taa.

Lakini somo ambalo sikulipata kwenye daftari lolote lilitoka barazani. Ilikuwa bado Januari, embe za mwisho wa msimu. Dada alikuwa anapanga mafungu, na alikuwa analalamika peke yake. Alipanga embe nne nne, fungu la mwisho likawa na embe tatu. Akavunja, akapanga tano tano, la mwisho likawa na nne. Akajaribu sita sita, la mwisho tano. "Kila nikipanga inapungua moja! Nani kala embe yangu?"

Siku chache baadaye nikakutana na swali kwenye karatasi ya zamani: namba ndogo kabisa ambayo ikigawanywa kwa 4 inabaki 3, kwa 5 inabaki 4, kwa 6 inabaki 5. Nikaanza orodha kama nilivyofundishwa, 5, 11, 17, 23, 29... Mpwa wangu akaitazama karatasi, akamgeukia mama yake aliyekuwa uani, kisha akanigeukia mimi.

"Mjomba, hii si zile embe za mama? Inapungua moja."

Nikaweka kalamu. Baki 3 kwa nne, baki 4 kwa tano, baki 5 kwa sita zinaonekana baki tatu tofauti, lakini pungufu ni lilelile: moja. Ongeza embe moja na mafungu yote yanatimia, ya nne, ya tano na ya sita. KDS ya 4, 5 na 6 ni 60. Toa moja, 59. Mistari miwili. Na nilipomuuliza dada embe zilikuwa ngapi siku ile, alisema kama sitini hivi, hakuhesabu. Asingekuwa na sababu ya kuhesabu. Yeye embe za mwisho zisizotimiza fungu huwapa wateja wake wa kila siku kama nyongeza. Kwenye biashara yake baki ndiyo inayomrudisha mteja kesho.

Tangu siku hiyo kila swali la baki nalitazama pande mbili: limebakiza ngapi, na limepungukiwa ngapi. Upande mmoja ukiwa na fujo, mara nyingi mwingine umenyooka.

Mambo mengine tulipita haraka. Siku za wiki, kwa mfano: leo Jumanne, baada ya siku 100 itakuwa siku gani? Huhesabu mia kwa vidole. 98 ni wiki 14 kamili, zinabaki 2, Alhamisi. Mpwa wangu aliutumia mtindo huo kuhesabia siku zake za mtihani, akawa anatangaza kila asubuhi mpaka tukachoka. Namba hasi zilimsumbua kidogo siku aliponikuta nazo: hasi 7 kwa 5 inabaki ngapi? Yeye alisema hasi 2. Nikampeleka dukani kwa mawazo. Unadaiwa elfu 7, mfukoni una noti za elfu tano tano tu. Ukitoa noti moja bado unadaiwa. Unatoa mbili, unarudi na chenji ya elfu 3. Baki ni 3, kwa sababu baki haikubaliwi kuwa hasi. "Kwa hiyo baki ni chenji," alisema. Sikuona haja ya kuongeza neno.

Septemba alifanya wake, na baadaye akachaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Oktoba mimi nikapanda tena Tandahimba, kwenye ghala lilelile, vitabu vikiwa chini ya mizani. Nilikuwa nasoma kati ya mkulima na mkulima. Vumbi la magunia liliingia kwenye kila ukurasa, mpaka leo nikifungua daftari lile napiga chafya. Novemba niliomba ruhusa ya siku mbili, nikashuka Mtwara mjini, nikakaa saa 3 na karatasi ambayo maswali yake yako kwa Kiingereza na mimi nayafikiria kwa Kiswahili: baki, pungufu, gunia, chenji. Swali la KDS lilikuwamo. Nilihakiki kwa kuzidisha. Matokeo yalipotoka nilipata C, si ya kupigia vigelegele, lakini haina uhusiano wowote na F.

Siku niliyorudi ghalani kutoka kwenye mtihani, jumla ya siku ilikuwa kilo 3,400. Mshona magunia alikuwa anafunga gunia la mwisho. Sikutoa simu. "Magunia 42," nilisema, "zitabaki 40." Aliinua macho, akatikisa kichwa kukubali, akakata uzi.

Lori la kwenda ghala kuu lilichelewa na mapokezi yakasimama. Zile 40 zikakaa kwenye turubai siku tatu, jua linaingia mlangoni na kuzikausha juu. Siku ya nne karani mkuu akazipima. 39.

Akanitazama. Mimi nikalitazama daftari langu, nikazidisha tena palepale: 80 mara 42, 3,360. Mia tatu na... hapana, 40. Lazima 40.

Mzee alikuwa anacheka hata kabla sijamgeukia. "Safari hii usininyooshee kidole," alisema. Akachota korosho chache, akazitikisa kiganjani, zikalia kavu. "Unyaufu. Hii hata yule mpwa wako haigawi."

Karani mkuu akaandika 39. Pembeni yake nikaandika, kwa mkono wangu: kilo 1, unyaufu.